Kupima nanoampia kwa ADC ya biti 24: sifuri kwanza

Nilimfungia shemeji yangu kipima kiwango cha maji kwenye tanki lake kule Kigamboni. Ndani mlikuwa na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya ATmega328P, redio ya nRF24L01+ na betri ya sarafu, CR2032. Kabla ya kukifunga nilipima mkondo wake kikiwa kimelala, mita ikasoma 6, yaani mikroampia 6. CR2032 hubeba takriban miliampia-saa 220. Gawanya, unapata zaidi ya saa 36,000, miaka minne na kidogo. Nikamwambia shemeji asahau habari za betri. Haikumaliza miezi minane.

Kosa lilikuwa langu. Baada ya kupima ndipo nilipoongeza kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 1000 sambamba na betri, ili isaidie redio inapovuta miliampia kumi na kitu kwa ghafla. Sikupima tena. Kapasita za namna hii huvuja, na watengenezaji wengi wanaliandika hilo waziwazi: mkondo unaovuja usizidi 0.01 mara mikrofaradi mara volti zilizoandikwa ubavuni, jibu likiwa kwa mikroampia. Kwa mikrofaradi 1000 ya volti 10, hiyo ni ruhusa ya kuvuja hadi mikroampia 100. Yangu ilivuja kama 35. Haikuwa mbovu, ilikuwa ndani ya haki yake.

Nilipotaka kulinganisha kapasita nyingine, mita ikanishinda. Inahesabu mikroampia nzima nzima, na mkondo wenyewe ulikuwa unashuka polepole kwa saa kadhaa. Nilihitaji kitu kinachoona nanoampia (sehemu ya elfu ya mikroampia) na kuandika usiku kucha wakati mimi nimelala. Nimekijenga mara tatu mpaka kikakubali, na haya ndiyo maelezo ya ile mara ya tatu.

Hatua ya 1: chagua rezista kabla ya kuchagua chipu

ADC, chipu inayogeuza volti kuwa namba, haijui mkondo, inajua volti tu. Unapitisha mkondo kwenye rezista unayoijua, unasoma volti zilizo kati ya ncha zake, unagawanya. Basi swali la kwanza ni ukubwa wa rezista hiyo, na hapo pana mvutano: kubwa inakupa ishara nono, lakini volti inazokula ni volti ambazo kifaa chako hakizipati.

Kwa kifaa cha volti 3 kinacholala kwa mikroampia chache mimi natumia kilo-omu 1. Kila mikroampia inatoa milivolti 1, hesabu ya kichwani. Mkondo ukifika mikroampia 100, rezista imekula volti 0.1 tu na kifaa hakitahisi. Ukiweka kilo-omu 10, mikroampia 40 zitakula volti 0.4, na tayari unapima kifaa kilichokosa chakula.

Tafuta rezista ya filamu ya metali ya asilimia 0.1, yenye badiliko la joto la 25 ppm (sehemu kwa milioni) kwa kila digrii au chini ya hapo. Za kaboni za rangi ya maziwa zilizojaa kwenye droo zetu hubadilika na joto kiasi cha kukuchosha.

Hatua ya 2: chipu, na usinunue zaidi ya shida yako

Ukitaka tu kujua kama kifaa kinakula mikroampia 6 au 40, nunua moduli ya ADS1115 na usisome zaidi ya aya hii. Ni ya biti 16, inaongea I2C (njia ya waya mbili ya kuwasiliana na maikrokontrola), bei yake haiumi. Kwenye masafa yake madogo kabisa (masafa hapa ni mipaka ya kinachoweza kusomwa), volti 0.256 kila upande, hatua moja ni mikrovolti 7.8125, yaani karibu nanoampia 8 kwenye kilo-omu 1. Inatosha kabisa. Ila ujue kwamba kwenye masafa hayo ukinzani kati ya pini zake mbili ni kama kilo-omu 710. Kwenye rezista ya kilo-omu 1 hilo ni kosa la asilimia 0.14. Kwenye rezista ya kilo-omu 100 chipu inageuka kuwa sehemu ya saketi unayoipima.

Mimi nilienda kwa ADS1220 ya Texas Instruments: biti 24, SPI (njia nyingine ya mawasiliano), volteji ya rejea ya kulinganishia ya 2.048 ndani yake, na kikuzaji cha ndani cha mara 1 hadi mara 128. Ikisoma mara 20 kwa sekunde, kichujio chake kinafuta mngurumo wa umeme wa hezi 50 na hezi 60 kwa pamoja. Kwetu ni hezi 50, na waya za umeme zinapita juu ya kila meza ya fundi, kwa hiyo hilo peke yake lilinitosha.

Ukuzaji wa mara 16 unakupa milivolti 128 kila upande, maana yake mikroampia 128 kwenye kilo-omu 1. Hatua moja inakuwa nanovolti 15.26, na hivyo pikoampia 15.26 (pikoampia ni sehemu ya elfu ya nanoampia). Mkondo wa mikroampia 1 unatoa hesabu 65,536 kamili, namba ambayo kila aliyecheza na kompyuta anaitambua. Lakini usishangilie bado. Tarakimu za mwisho kwenye biti hizo 24 ni kelele tupu, na ni wewe utakayezihesabu katika hatua ya 5. Na usivutiwe na ukuzaji wa 128: masafa yatashuka hadi mikroampia 16, na kapasita yangu ya 35 ingepiga dari.

Hatua ya 3: kuunganisha, na mtego wa volti 1.65

Betri ya kifaa kinachopimwa ibaki yake peke yake. Chanya ya betri iende moja kwa moja kwenye chanya ya kifaa. Hasi ya kifaa iende kwenye ncha ya kwanza ya rezista ya kupimia; ncha ya pili irudi kwenye hasi ya betri. Pini ya kuingizia AIN0 ya ADS1220 ikae kwenye ncha ya upande wa kifaa, AIN1 upande wa betri. Mkondo ukipita kawaida, namba itakuwa chanya.

Kati ya rezista na kila pini ya ADC weka kilo-omu 1, kisha kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini moja hadi nyingine. Hicho ni kichujio cha kuzuia redio ya kifaa isiingie kwenye kikuzaji.

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Akili ya kawaida inakuambia uunganishe hasi ya betri na grandi (volti sifuri) ya ADC. Nilifanya hivyo, na namba zikaja: thabiti, nzuri, za uongo. Kikuzaji cha ndani cha ADS1220 hakifanyi kazi karibu na grandi. Wastani wa volti za pini zake mbili lazima uwe angalau robo ya volti za usambazaji, na pia angalau 0.2 ukijumlisha nusu ya volti za ishara iliyokwisha kukuzwa. Kwa usambazaji wa volti 3.3 na ishara iliyojaa, masharti hayo yanadai 0.825 na 1.224. Nami nilikuwa nimekipa sifuri. Chipu haikulalamika. Chipu haina mdomo.

Dawa yake ni rahisi kwa sababu kifaa kinachopimwa kina betri yake na kinaelea. Chukua rezista mbili za kilo-omu 10, gawa volti 3.3 katikati upate 1.65, weka kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka hapo hadi grandi, na uunganishe nukta hiyo na hasi ya betri. Saketi nzima ya kifaa inapanda hadi 1.65, kama boti inayonyanyuliwa na maji kujaa, bila mkondo wowote wa maana kupita kwenye kigawanyi.

Lakini kuelea huko kuna sharti: kifaa kinachopimwa kisiguse kompyuta. Ukichomeka waya wake wa USB au wa siriali kwenye laptopu ileile inayosoma ADC, hasi ya kifaa inavutwa hadi grandi, na volti 1.65 zinasukuma mkondo kinyumenyume kupitia rezista yako. Piga hesabu: kilo-omu 5 za kigawanyi na kilo-omu 1 ya kupimia, ni mikroampia 275, zaidi ya mara mbili ya masafa. ADC itaganda kwenye −8,388,608. Ukiiona namba hiyo, usishike bisibisi. Chomoa waya.

Hatua ya 4: njia ya kupitia kifaa kinapoamka

Mikroampia 128 ni za usingizini. Redio ikiamka na kuvuta miliampia 13, kilo-omu 1 ingetaka volti 13 ambazo hazipo, na kifaa kitazimika. Kitawaka upya, kitajaribu kutuma, kitazimika tena, na hutaona usingizi wake hata siku moja.

Weka daiodi ya silikoni ya 1N4148 sambamba na rezista, anodi upande wa kifaa. Chini ya milivolti 100 inapitisha kidogo sana, makumi ya nanoampia penye mikroampia 100, kosa usiloliona. Juu ya nusu volti inafunguka na kubeba mzigo. Usiweke daiodi ya Schottky kama 1N5819 kwa kudhani ni bora kwa vile inafunguka mapema. Inafunguka mapema mno: inaiba mikroampia zilezile unazozitafuta.

Mimi pia nimeweka swichi ndogo inayounganisha ncha mbili za rezista moja kwa moja. Naiwasha wakati kifaa kinaanza, hasa kama kina kapasita kubwa inayotaka kujazwa, kikishalala, naizima.

Hatua ya 5: kuisomesha chipu

Maikrokontrola ya volti 3.3 yoyote inafaa. Mimi nina ESP32. SPI iwe katika modi ya 1, wengi hukwama hapo. Tuma 0x06 kuiweka upya chipu, subiri kidogo, kisha 0x43, ambayo maana yake ni andika rejista (visanduku vya mipangilio) zote nne kuanzia ya sifuri, ikifuatiwa na baiti hizi: 0x08, 0x04, 0x10, 0x00. Ya kwanza inachagua AIN0 dhidi ya AIN1 kwa ukuzaji wa 16. Ya pili ni mara 20 kwa sekunde, mfululizo. Ya tatu ni rejea ya ndani na kichujio cha hezi 50 na 60. Ya nne haina la kusema. Malizia na 0x08 kuanza. Kila pini ya DRDY, inayotangaza kwamba namba iko tayari, ikishuka, soma baiti tatu, ya juu kwanza.

Namba hiyo ina alama ya chanya au hasi ndani yake. Kama ni 8,388,608 au zaidi, toa 16,777,216. Zidisha kwa 0.01526 na unayo nanoampia. Wastani wa masomo 20 unakupa namba moja kwa sekunde, na hiyo ndiyo ninayoiandika kwenye faili.

Sasa zile sifuri. Ziko tatu, na watu wengi wanapima moja.

Ya kwanza ni ya chipu yenyewe. Badilisha baiti ya kwanza iwe 0xE8. Chipu inaunganisha pini zake mbili kwa ndani, na unachosoma ni kelele na mhamo wa kikuzaji (volti inayojitokeza bila ishara) peke yake. Andika masomo mia. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ndiyo inayokuambia una biti ngapi za kweli.

Ya pili ni ya waya. Rudisha 0x08, ondoa kifaa lakini acha rezista, daiodi na kichujio mahali pake. Namba itahama kutoka ile ya kwanza, kwa sababu pini za ADC zenyewe zinakunywa mkondo mdogo wa kiasi cha nanoampia, na kwa sababu ya joto ambalo nitalieleza. Hii ndiyo sifuri ya kutoa kwenye vipimo vyako.

Ya tatu ni ya kifaa kisicho na kazi: unganisha kila kitu, betri, kishikio cha betri, nyaya zenye vibano vya mamba, bodi tupu isiyo na vipuri. Ikisoma tofauti na sifuri ya pili, bodi yako inavuja. Kwangu ilisoma nanoampia 90 siku ya mvua ya masika, na chini ya 5 baada ya kuisafisha. Kabla ya kukifahamu kipimo hicho, ningezihesabu zile 90 kama ulaji wa ATmega.

Hatua ya 6: mpe mkondo unaoujua

Chukua betri ya AA na rezista ya mega-omu 10 ya asilimia 1. Pima volti za betri kwa mita. Betri ya 1.5 kupitia mega-omu 10 ni nanoampia 150, yaani hesabu 9,830 juu ya sifuri yako ya pili. Kisha weka mega-omu 1 utafute mikroampia 1.5. Vipimo viwili vikikubaliana na hesabu ndani ya asilimia ya rezista zako, kifaa kinafaa. Kimoja kikikubali na kingine kikatae, kuna kitu kinavuja sambamba, na mara nyingi ni mega-omu 10 uliyoishika kwa vidole. Mafuta ya kidole na chumvi ya jasho ni rezista, japo hazina rangi zilizochorwa.

Vitu vinavyojifanya mkondo

Sisi wa pwani tuna adui ambaye maelezo ya chipu, yaliyoandikwa kwenye maabara zenye viyoyozi, humgusa kwa mstari mmoja: hewa yenyewe. Unyevu na chumvi ya bahari vikikaa juu ya mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemia), vinafanya utando unaopitisha umeme. Utando wa giga-omu 10 unaonekana kama si kitu. Weka volti 3.3 juu yake na umepata pikoampia 330. Kwenye kazi ya hatua zilizopita hilo ni vumbi. Kwenye kazi inayofuata ni mafuriko.

Osha bodi kwa alkoholi ya isopropili na mswaki, mara mbili, mara ya pili kwa alkoholi mpya, la sivyo umesambaza tu uchafu. Ikaushe kwa hewa ya vuguvugu nusu saa. Flaksi inayoitwa "haihitaji kuoshwa" nayo ioshe. Bredibodi, ubao wa kuchomeka vipuri bila kulehemu, weka kando kabisa. Plastiki yake na safu zake za chuma zilizopangana karibu karibu hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Joto nalo lina ujanja wake. Popote metali mbili tofauti zinapokutana, mfano mguu wa rezista na shaba ya bodi, pana volti ndogo inayotegemea joto. Kama ncha moja ya rezista ina joto zaidi ya nyingine, mikrovolti kadhaa zinajitokeza, na mikrovolti 5 kwenye kilo-omu 1 ni nanoampia 5. Niliona namba zangu zikipanda na kushuka kila dakika chache, nikafikiri ni programu. Ilikuwa feni ya mezani inayogeuka huku na huku. Sasa naweka boksi la viatu juu ya bodi.

Halafu ile 1N4148. Mwili wake ni wa kioo, na kipande cha silikoni chini ya mwanga ni selu ya jua, hata kiwe kidogo namna gani. Pitisha mkono juu yake chini ya taa uone namba zinavyocheza. Funika kwa mpira mweusi wa kusinyaa. Boksi la viatu nalo linasaidia.

Chini ya nanoampia: acha kutumia rezista ya njiani

Nilipomaliza na kapasita nikaonja tamaa. Nilikuwa na photodaiodi (kihisi cha mwanga) ya BPW34 na nikataka kupima mwanga hafifu, mikondo ya pikoampia. Hapo njia ya kwanza inafika ukingoni: pini za ADC zinakunywa zaidi ya unachopima. Unahitaji opampu (chipu ya kukuza ishara) mbele yake, iliyopangwa kugeuza mkondo kuwa volti.

LMC6482 inafaa kwa volti 3.3, na mkondo inaouvuta kwenye pini zake kwa kawaida ni femtoampia 20, yaani pikoampia 0.02. Usitumie LM358 hapa. Yake ni makumi ya nanoampia, ni kama kupima tone la mvua kwa ndoo inayovuja. Nusu ya pili ya LMC6482 itumie kubeba ile 1.65: kigawanyi na kapasita yake viingie pini ya 5, pini ya 6 na 7 ziunganishwe, na hapo una katikati imara. Kapasita kubwa ibaki kabla ya opampu, isiwekwe kwenye pini ya 7, maana opampu inaweza kuanza kuimba, yaani kutetema yenyewe.

Pini ya 3 iende kwenye 1.65. Kati ya pini ya 1 na ya 2 weka mega-omu 100 na kapasita ya pikofaradi 100 sambamba. BPW34 iwe kati ya pini ya 2 na 1.65. Pande zake mbili zinabaki kwenye volti sawa, na huo ndio uzuri wenyewe: mkondo wake wa gizani, ambao chini ya volti 10 za kinyume ni kama nanoampia 2, karibu utoweke. Kila pikoampia sasa inakupa mikrovolti 100. ADC isome AIN2, penye pini ya 1, dhidi ya AIN3, penye 1.65, bila ukuzaji na bila kikuzaji cha ndani. Baiti ya kwanza ni 0x51. Mtego wa hatua ya 3 haupo, kwa kuwa kikuzaji kimerukwa.

Hatua moja ya ADC hapa ni mikrovolti 0.244, sawa na femtoampia 2.4. Usiiamini. Rezista ya mega-omu 100 ikiwa kwenye joto la chumba inatoa kelele ya mikrovolti 1.3 kwa kila mzizi wa hezi, kwa sababu tu si baridi. Kwa upana wa hezi 10 hivi, hiyo ni takriban femtoampia 40 ambazo hakuna pesa itakayoziondoa. Ukitaka kushuka zaidi, weka rezista kubwa zaidi, na ungoje zaidi. Giga-omu 1 inatoa kelele ya mkondo iliyo chini mara tatu na kidogo, ila masafa yanabaki nanoampia moja na nusu.

Kiungo cha pini ya 2 ndicho roho ya kila kitu. Kisiguse bodi. Ipinde pini hiyo ya chipu iangalie juu, ulehemu rezista, kapasita na mguu wa photodaiodi hewani. Hewa safi haivuji. Kama ni lazima kigusane na bodi, kizungushie mstari wa shaba uliounganishwa na 1.65: uvujaji utatokea kati ya vitu viwili vyenye volti karibu sawa, na hivyo hautakuwa na nguvu ya kusukuma chochote.

Mimi nimeiweka saketi yote ndani ya kopo la maziwa ya unga. Bati lake linakubali lehemu. Nimeliunganisha na grandi, na photodaiodi inachungulia kwenye tundu la msumari. Bila kopo, ukipitisha mkono umbali wa nusu mita namba zinaruka. Waya mrefu wa koaksia nao ukitikisika unazalisha mkondo kwa msuguano wa plastiki yake, basi weka opampu pale pale penye kihisi, na kinachosafiri kwa waya kiwe volti.

Kujaribu mkondo wa nanoampia moja kuna ujanja mmoja. Ukichukua betri, ukaigawa kwa kilo-omu 100 na kilo-omu 1 ili upate milivolti 14.85, kisha ukapitisha kwenye mega-omu 10, unatarajia nanoampia 1.485. Lakini pini mbili za opampu zinaweza kutofautiana hadi milivolti 3, na milivolti 3 kwenye mega-omu 10 ni nanoampia 0.3, asilimia ishirini ya jibu lako. Kwa hiyo soma mara moja, geuza betri, soma tena, toa moja kwa nyingine, gawanya kwa mbili. Mhamo wa opampu upo kwenye masomo yote mawili kwa alama ileile, unajifuta wenyewe.

Baada ya kuwasha subiri. Plastiki na rezista kubwa zina kumbukumbu ya chaji, na dakika ishirini za mwanzo zinaonyesha mteremko ambao si mwanga wala si giza. Mimi nafunika tundu kwa kipande cha utepe mweusi, naenda kunywa chai, narudi kusoma giza. Likiwa limetulia ndani ya pikoampia moja kwa dakika tano, naondoa utepe.

Na ile kapasita ya tanki? Niliiacha kwenye kipimo cha kwanza usiku mzima. Ilianza na mikroampia 34, alfajiri ilikuwa 21 na bado inashuka, jambo ambalo elektroliti hufanya zikikaa kwenye umeme baada ya kulala dukani muda mrefu. Nilizitoa zote za aina hiyo, nikaweka za seramiki tatu za mikrofaradi 47 sambamba, nikapunguza nguvu ya redio ili zitoshe. Kifaa kizima sasa kinalala kwa mikroampia 5.9, na tarakimu ya tatu inategemea feni.